Pima shamba lako Agosti: kisiki hai na ngitili kwa nyanda kavu

Mwezi Machi kila shamba la Dodoma linapendeza. Mvua ilianza Desemba, mtama umefika kiunoni, hata njia ya ng'ombe imeota majani. Usilipime shamba lako wakati huo. Subiri Agosti, mvua imeshakata tangu Aprili na upepo unapeperusha vumbi, ndipo uangalie kimebaki kijani gani. Nyasi zimekauka, mbuyu umepukutisha majani. Mswaki kando ya korongo bado uko kijani, na mwarobaini nyuma ya nyumba pia, kwa kuwa mizizi yake imefika kwenye unyevu.

Ndiyo maana siku hizi ushauri wangu hauanzi na miche. Mche unatoka kitaluni na mzizi usiozidi kiriba chake. Ukiupanda Januari, Oktoba utakuwa kuni kavu, labda awepo mtu wa kuumwagilia, na maji ya kunywa yenyewe yanafuatwa mbali. Wakati huohuo chini ya shamba lako kuna miti tayari: visiki ulivyokata ulipofungua shamba. Vinachipua kila mwaka, nawe unavifyeka kila mwaka pamoja na magugu.

Kuvitunza ndiko tunakoita kisiki hai. Chagua kisiki chenye machipukizi yenye afya, ubakize mawili au matatu yaliyonyooka, mengine ukate. Kisha pogolea matawi ya pembeni kuanzia chini, uishie nusu ya urefu wa chipukizi. Ukipogolea juu zaidi ya hapo, kichwa kinakuwa kizito kwenye shina jembamba na upepo unalivunja. Panga liwe kali, na ukate kutoka chini kwenda juu. Ukikata kutoka juu ganda linachanika, na wadudu hupitia kwenye kidonda hicho. Funga kitambaa chekundu ili mchungaji na mwenye plau wajue mti huo una mwenyewe. Nimewahi kuona kazi ya miaka miwili ikifyekwa asubuhi moja kwa sababu vibarua hawakuambiwa. Rudia kupogolea baada ya miezi michache. Matawi membamba yaache yafunike udongo, manene peleka jikoni.

Usibakize visiki vyote, maana mtama hautaki kivuli kizito. Hatua kama 15 kati ya mti na mti zinatosha shambani. Kwenye malisho unaweza kuibananisha zaidi.

Tatizo linalobaki ni mbuzi wanaotafuna machipukizi, na hapo tuwaige Wasukuma. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, likafunguliwa kiangazi kikiwa kikali na mabua mashambani yameisha. Zamani lilitengwa kwa ajili ya ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa wasioweza kwenda mbali. Shinyanga ilifyekwa mno kwa ajili ya kuangamiza mbung'o na kulima pamba. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ulipata nguvu kwa kurudi kwenye ngitili hizo hizo, zikilindwa na sheria ndogo za vijiji na mabaraza ya jadi, dagashida. Nyasi kavu hazina lishe kama ya Machi, ni kweli, lakini zinamfikisha ng'ombe Desemba. Gawa eneo vipande, ufungue kimoja kimoja, na ufunge kabla nyasi hazijaliwa hadi kwenye udongo.

Palipobaki ardhi tupu na ngumu, chimba makinga maji yenye umbo la nusu mwezi, upande wa wazi uelekee mlimani, udongo uujaze upande wa chini. Mbegu za nyasi zilizolala ardhini mara nyingi huota zenyewe humo.

Neno moja kwa wanaopenda ukijani wowote ule. Wenzetu wa Baringo, Kenya, waliletewa mti wa mathenge miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Hadi leo uko kijani mwaka mzima, na chini yake nyasi hazioti. Ukiukuta shambani kwako ungali mdogo, ng'oa na mizizi. Kisiki hai cha huo hatukihitaji.