Gari likilia kwenye kona, lisikilize kabla ya kununua kipuri

Gereji yangu iko Malindi. Magari mengi ninayopokea ni Probox za abiria wa Mambrui na Marafa, na pikapu zinazobeba chumvi kutoka Gongoni. Wenyewe huja na neno moja: "Fundi, likikata kona linalia." Wengine huja na shafti mpya mkononi, ile fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu, wameambiwa na mtu pale stendi kuwa ndiyo dawa. Mimi huwaomba waiweke kando kwanza. Inaniuma kuona dereva wa kipato cha siku akitoa pesa ya kipuri ambacho gari lake halikihitaji, ilhali mlio wenyewe hueleza: unatoka lini, upande gani, na gari likiwa katika mwendo gani.

Anza na nati za magurudumu. Kama uliziba pancha jana na leo unasikia kitu kikigonga, simama hapo hapo uzikaze kwa kuvukisha, nati hii kisha ya upande wa pili, bila kufuata duara. Nati iliyolegea huzidi kulegea, na gurudumu linaweza kuchomoka.

Kisha liache gari limesimama, injini inanguruma, mtu akuzungushie usukani taratibu mpaka mwisho, huku na huku. Mlio ukitoka hapa, na magurudumu hayajasogea, basi mlio huo si wa shafti, kwa sababu jointi yake, yaani kiungo kinachoiwezesha kupinda, hulia ikizunguka. Ukisikia mvumo wa kulalamika, tazama oili ya stelingi. Ikiwa imepungua, tafuta inapovuja kabla ya kuongeza. Haipotei hivi hivi. Wala usiung'ang'anie usukani mwisho kabisa zaidi ya sekunde chache, pampu inachemka. Gari la usukani wa umeme, Vitz kwa mfano, halina oili hiyo, kwa hiyo usijisumbue kutafuta kichupa. Ukisikia springi ya mbele ikiachia kwa kishindo, weka kiganja ubavuni mwake, vidole mbali na mapengo. Ikikwama kisha ikaruka, beringi iliyo juu ya shoku imeshika. Huku kwetu hewa ya bahari huila kwa kutu.

Sasa shafti yenyewe. Tafuta uwanja mtupu, ardhi ngumu, si mchanga. Fungua madirisha, zima redio. Kata usukani mpaka mwisho, endesha polepole kwa duara, ukikanyaga mafuta kidogo. Duara la kushoto, halafu la kulia. Jointi ya nje, iliyo upande wa gurudumu, ikichoka hulia ka-ka-ka-ka, na mlio unakwenda kasi kadiri gurudumu linavyozidi kasi. Mara nyingi inayolia ni ya gurudumu lililo nje ya kona: ukikata kushoto likalia, anza kukagua ya kulia.

Chungulia nyuma ya gurudumu. Ukiona grisi nyeusi imetapakaa upande wa ndani wa rimu, raba inayofunika jointi imepasuka. Hapo ndipo vumbi la njia ya Sala na mchanga wetu huingia kwenye grisi na kusaga chuma kama msasa. Raba ikiwa imepasuka lakini jointi bado haijaanza kulia, una bahati: ifunguliwe, ioshwe, itiwe grisi mpya na raba mpya, ifungwe vizuri. Gharama yake ni ndogo sana kuliko ya shafti. Ikishaanza kulia, grisi haiwezi kurudisha chuma kilicholika, hapo badilisha. Kwa hiyo nawasihi wa njia ya vumbi mchungulie raba hizi kila mnapobadilisha oili.

Mvumo unaopanda na mwendo ni habari nyingine. Husikika zaidi kwenye lami ndefu, tuseme ukipita msitu wa Arabuko-Sokoke kuelekea Kilifi. Kwenye kona pana ya kushoto uzito hulalia upande wa kulia. Mvumo ukizidi hapo na kupungua ukikata kulia, nashuku beringi ya gurudumu la kulia. Piga jeki, ukichukua tahadhari ninazozitaja hapo chini, zungusha gurudumu kwa mkono huku mkono wa pili umeshika springi: beringi mbovu utaihisi ikikwaruza.

Ukwaruzo mkali wa chuma baada ya safari ya murram mara nyingi ni jiwe dogo lililonasa kati ya diski ya breki na bati lake. Litoe, umemaliza.

Kugonga ko-ko kwenye mashimo na kona kunataka jeki tena. Kabla hujaingiza mkono, vuta breki ya mkono, kinga magurudumu ya nyuma kwa mawe, na gari lilale juu ya stendi ya chuma ya kulishikilia. Jeki peke yake usiiamini. Shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise: likicheza, mara nyingi ni tairodi, fimbo ya usukani inayolikata gurudumu. Shika juu na chini: likicheza, ni beringi au boli jointi, kile kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu likikata kona. Mwenzio atazame nyuma kwa tochi aone kinachosogea. Akiona boli jointi inacheza, gari hilo lisirudi barabarani hata kufika kwa fundi wa mtaa wa pili. Ikichomoka, gurudumu hukunjika na usukani haushiki tena. Mwite fundi aje na kipuri hapo lilipo, au livutwe.