Jinsi ya kufuatilia biashara zilizopita kwenye mtaa wa zamani, mlango kwa mlango

Kuna swali huwa linanisumbua nikipita mtaa wa zamani wa maduka: hapa kabla ya hawa wa kava za simu palikuwa na nini? Na kabla ya hapo je? Ukiwauliza watu wengi wanakumbuka duka moja tu, lile la utotoni mwao, halafu wanakwambia mtaa umekufa siku hizi. Mi naona mtaa haujafa, umebadilisha kazi tu, na ukitaka kujua umebadilishaje inabidi ukae na mlango mmoja mmoja. Nimefanya hii shughuli mara kadhaa na nimekosea vya kutosha, kwa hiyo hapa naandika njia ninayotumia sasa hivi.

Kwanza usianze na mtaa mzima, utaacha njiani. Chukua kipande kifupi, mita 150 au 200 hivi, upande mmoja tu, kutoka makutano hadi makutano. Kitembee mara mbili mikono mitupu, simu mfukoni, uangalie tu. Mara ya tatu ndo upige picha, kila mlango na picha yake, umesimama ng'ambo ya barabara ukiutazama mlango usoni, halafu picha ya pili unainua simu juu, manake juu ndo hakujaguswa. Huku chini kila mpangaji akiingia anabomoa, anapaka rangi, anaweka vioo, ila ghorofani unakuta madirisha ni yale yale, na mara nyingine mwaka wa kujengwa umechongwa pale juu kabisa na hakuna mtu anautazama. Nenda asubuhi mapema kabla hawajafungua, magari hayajajaa na yale mageti ya bati yakiwa yameshushwa utakuta kuna majina yamepakwa ya wapangaji walioondoka zamani.

Sasa kuna suala la namba, na hapa ndo wengi tunapigwa. Namba ya mlango sio kitu cha kuaminika hata kidogo. Chicago walipanga upya namba za jiji mwaka 1909, na katikati ya jiji wakamalizia 1911, yani mtu akisoma orodha za kabla na baada bila kujua hilo ataona mji mzima umehama usiku mmoja. Mimi yalinikuta hivyo hivyo. Nilihangaika wiki mbili na fundi saa mmoja ambaye kwenye orodha ya mwaka mmoja yuko namba 14 na mwaka unaofuata yuko 31, nikaandika kabisa kwamba alivuka barabara, na nikamtungia na sababu, eti kodi ilipanda. Kumbe mzee wa watu hakusogeza hata kiti, ni mtaa ndo ulihesabiwa upya. Tangu siku hiyo kila mlango naupa alama yangu mwenyewe, A1, A2, A3, na naifunga kwenye kiwanja, sio kwenye namba iliyopigiliwa ukutani. Kiwanja hakihami. New York walilielewa hilo mapema: kati ya 1939 na 1941 jiji lilipiga picha karibu kila jengo kwa ajili ya kodi ya majengo, na kwenye picha nyingi unaona kibao kidogo kimewekwa mbele ya jengo kikiwa na namba za bloku na kiwanja. Hawakuwa wanatunza historia, walitaka kodi yao, ila leo zile picha ni hazina na ziko mtandaoni.

Fremu ikigawanywa mara mbili usifute alama, andika A4a na A4b. Zikiunganishwa andika A4+A5. Utakuja kunishukuru.

Kabla hujakimbilia makaratasi, soma jengo lenyewe. Hii sehemu ndo naipenda kuliko zote kwahiyo mnivumilie. Omba ruhusa uingie, utazame sakafu kabla ya kitu kingine. Kuna fremu moja niliingia, wanauza mikoba na mabegi, sakafu ni ile ya zege lililosagwa lenye chembe za mawe, na katikati yake kuna viraka vinne vya mviringo, vimepangana mstari mmoja, umbali sawa sawa, rangi tofauti kidogo na sakafu yenyewe. Mwenye duka kakaa miaka sita pale hajawahi kuviona, ameweka zulia. Ukutani mkabala na viraka, kwa usawa wa kiuno, kuna mabomba mawili yamezibwa. Viti vinne vizito vilivyofungwa chini kwa bolti, maji, ukuta mrefu wa kuning'inizia vioo: hiyo ni saluni ya kinyozi, na sio ya kinyozi mmoja. Hata kabla sijashika karatasi lolote nilishajua natafuta nini.

Vitu vya namna hiyo viko vingi ukishazoea. Vigae vyeupe mpaka juu na kitundu cha kutolea maji katikati ya sakafu na reli ya chuma darini, hapo ilikuwa bucha. Mstari wa sakafu ambao haujalika kama sehemu nyingine, sambamba na ukuta wa nyuma, hapo palisimama kaunta miaka mingi, wateja upande huu, muuzaji upande ule. Kizingiti kilicholika upande mmoja tu maana yake mlango ulikuwa na bawa moja linafunguliwa na lingine limefungwa muda wote. Paa la kioo au dirisha kubwa ajabu ghorofa ya juu kabisa kwenye jengo la karne ya 19, fikiria studio ya picha, kwa sababu kabla ya taa za umeme mpiga picha aliishi kwa mwanga wa jua. Na ukuta wa pembeni wa jengo usisahau, matangazo ya kupakwa kwa rangi hukaa pale miaka mingi, na mvua ikinyesha rangi ya chini inajitokeza kuliko kukiwa kukavu, kwa hiyo rudi siku ya mvua hata kama utaonekana kichaa.

Baada ya hapo ndo makaratasi. Cha kutafuta kwanza ni saraka za biashara, yani vitabu vinavyoorodhesha biashara na anwani zake, na vitabu vya zamani vya simu. Miji mingi mikubwa ilikuwa nazo, London kwa mfano zilitoka mwaka hadi mwaka karne yote ya 19 na kuendelea, na zile nzuri zina sehemu iliyopangwa kwa mitaa, unasoma mlango baada ya mlango kama vile unatembea, hadi inakuandikia hapa kuna njia inakatiza. Jambo la kukumbuka, saraka ya mwaka fulani huwa imekusanywa mwaka uliotangulia, kwa hiyo ya 1925 inakuonyesha zaidi 1924. Pia waliokosa hela ya kuonekana au waliopanga chumba cha nyuma hawamo, usiseme palikuwa patupu.

Kisha ramani za bima ya moto. Marekani kulikuwa na kampuni ya Sanborn, ilianza 1867, ikachora miji kama 12,000, jengo kwa jengo, waridi ni tofali, njano ni mbao, na herufi S kwa duka na D kwa makazi. Wachoraji walikuwa wanatafuta kitakachoungua, sio kitakachokumbukwa, ndo maana ni wakweli. Angalizo: mabadiliko yalikuwa yanabandikwa kwa vipande vya karatasi juu ya ramani ya zamani, kwa hiyo nakala moja inaweza kuwa na miaka tofauti ndani yake.

Kama mji wako hauna hivyo vitu, tafuta leseni za biashara, kumbukumbu za ardhi, na matangazo ya magazeti. Tangazo la gazeti ni tamu kwa sababu mara nyingi linakuelekeza kwa jirani, "mkabala na sinema", "mlango wa pili kutoka benki", hapo umepata milango miwili kwa tangazo moja. Picha nazo, usitafute picha za maduka, watu hawapigi picha maduka. Tafuta gwaride, mafuriko, arusi, mgeni wa serikali amepita, maduka yatakuwa nyuma ya watu. Na soma maandishi ya mabango kabla hujaamini, nyingine zimeskaniwa kinyume na utakuta umehamisha mtaa mzima upande wa pili. Kwa miaka ya karibuni kuna Street View, picha za mitaa zinazopigwa na gari la Google, ilianza 2007 na tangu 2014 unaweza kurudisha picha nyuma miaka, pale ambapo gari lao lilipita.

Kuongea na watu weka mwisho, ukishajua cha kuuliza. Usimuulize mzee "mwaka gani", atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize lile duka lilifungwa kabla au baada ya barabara kupanuliwa, mtoto wako alikuwa shule au bado, aliyekuwa anakaa hapa alikuwa anakukopesha au la. Aliyeondoka na madeni utasikia habari zake bila kuuliza, hizo kaa nazo mwenyewe, ana wajukuu.

Halafu unatengeneza jedwali, eksel inatosha. Milango inashuka chini, miaka inaenda pembeni, kila baada ya miaka kumi hivi. Pasipo na ushahidi acha tupu, usijaze kwa kukisia, na kila kisanduku andika umekipata wapi, kwa sababu miezi mitatu baadaye hutakumbuka. Ukishajaza, usilisome kwa majina ya wenye maduka, lisome kwa kazi iliyofanyika pale. Utaona kuna milango inabadilisha watu lakini haibadilishi kazi, bucha kwa bucha miaka arobaini, manake aliyejenga vigae na kitundu cha maji alishawaamulia waliofuata. Na kuna milango mingine kila safu ni kitu kipya, hiyo mara nyingi ni fremu nyembamba ya bei nafuu ambako watu wanakwenda kujaribu.

Sababu za kubadilika usizitafute ndani ya mlango tu. Mwaka 1916 huko Memphis duka la Piggly Wiggly lilimwachia mteja achukue vitu mwenyewe kwenye rafu, na mtindo huo ulivyosambaa kaunta zilianza kung'olewa na maduka yakataka nafasi kubwa. Mwaka 1956 ikafunguliwa Southdale karibu na Minneapolis, maduka yote ndani ya jengo moja na maegesho nje, na mitaa ya katikati ya miji ikaanza kukosa miguu. Copenhagen wao 1962 wakafunga mtaa wao wa maduka wa Strøget kwa magari, na wenye maduka waliokuwa wanalalamika kwamba watakufa njaa hawakufa. Wakati mwingine ni jambo dogo kuliko hapo, kituo cha basi kimesogezwa mita themanini. Milango mingi ya mtaa ikibadilika kwa pamoja ndani ya miaka mitano tafuta kitu cha nje, mlango mmoja ukibadilika ni urithi, kodi au ugonjwa.

Na picha ulizopiga mwanzo, rudia kila mwaka, mwezi ule ule. Mwaka jana nilirudi kumalizia A7 ambayo picha yake ilitoka na kivuli, nikakuta fundi yuko juu ya ngazi ameshafungua skrubu mbili za bango, na chini ya bango kuna bango lingine la mbao, herufi nyekundu, jina ambalo kwenye jedwali langu lilikuwa kisanduku kitupu. Nikamwomba dakika tano. Akaniuliza za nini, nikamwambia nitamshikia ngazi.