Gwynn na Raines: linganisha wapigaji wa besiboli kwenye lahajedwali

Tony Gwynn alistaafu mwaka 2001 akiwa na wastani wa kupiga wa 0.338, baada ya misimu 20 katika timu moja tu, San Diego Padres. Tim Raines, wa zama hizohizo, aliishia 0.294. Ukiishia hapo, hakuna ubishi kwamba Gwynn ni bora. Sasa fungua Excel.

1. Chagua watu wa rika lake. Nimemwekea Gwynn wenzake wawili: Raines (1979–2002) na Wade Boggs (1982–1999). Usimchomeke mtu wa enzi za mbali. Bill Terry alipiga 0.401 mwaka 1930, lakini mwaka huo National League nzima, moja ya ligi mbili kuu za Marekani, ilikuwa na wastani wa 0.303. Mwaka 1968 watupaji waliibana American League, ile ligi ya pili, mpaka ikashuka 0.230, na Carl Yastrzemski akaibuka kinara kwa 0.301 tu. Ni kama shilingi ya mwaka 1970 na ya leo.

2. Jaza jumla, usijaze wastani. Mstari mmoja kwa kila mchezaji, kuanzia wa 2. Safu B ni zamu rasmi za kupiga, C hiti (mpira uliopigwa na mpigaji akafika besi salama), D besi za bure (mtupaji akikosea mipira minne), E kugongwa na mpira, F mipira ya juu ya kujitoa, ile inayodakwa lakini mwenzako anakimbia na kufunga.

Gwynn: 9288, 3141, 790, 24, 85
Raines: 8872, 2605, 1330, 42, 76
Boggs: 9180, 3010, 1412, 23, 96

Mara ya kwanza mimi nilichukua wastani wa kila msimu, nikavijumlisha na kugawanya kwa idadi ya misimu. Kosa kubwa. Mwaka 1982 Gwynn alikuwa na zamu 190, mwaka 1997 alikuwa na 592. Misimu hiyo haiwezi kupewa uzito sawa.

3. Wastani wa kupiga. Andika =C2/B2 kisha buruta chini. Utapata 0.338, 0.294 na 0.328. Angalia kwamba safu D haimo kabisa: besi ya bure haihesabiwi hata kama zamu rasmi.

4. Kiwango cha kufika besi. Hapa ndipo penye utamu:

=(C2+D2+E2)/(B2+D2+E2+F2)

Gwynn 0.388, Raines 0.385, Boggs 0.415. Pengo la pointi 44 (yaani 0.044) kati ya wale wawili wa kwanza limebaki 3. Sasa jumlisha C, D na E peke yake: Gwynn alifika besi mara 3,955, Raines mara 3,977. Ndiyo, Raines kamzidi, ingawa na zamu zake kwa jumla (B+D+E+F) zilikuwa nyingi kidogo. Boggs yuko mbali huko, 4,445. Gwynn aliingia Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa besiboli, mwaka 2007 kwa kura za mara ya kwanza; Raines alisubiri hadi 2017, nafasi yake ya kumi na ya mwisho. Kwa maoni yangu, wapiga kura wengi hawakuwa wakiitazama safu D.

5. Nguvu. Hiti ya besi moja ihesabu 1, ya mbili 2, ya tatu 3, na mpira uliotoka nje ya uwanja 4. Gawanya jumla kwa B. Gwynn ana besi 4,259, yaani 0.459, Boggs 0.443, Raines 0.425. Hapa Gwynn anarudi juu kwa haki.

6. Pima na ligi. Kipimo cha OPS+ huunganisha hatua ya 4 na ya 5, kisha hurekebisha kwa ligi na viwanja. 100 ni mpigaji wa kawaida. Gwynn 132, Boggs 131, Raines 123. Boggs anashuka kidogo kwa sababu alipiga miaka mingi Fenway Park, uwanja unaowapendelea wapigaji.

Kipimo hicho hakihesabu besi za kuiba. Raines aliiba 808, Gwynn 319. Wape safu G.