Jinsi ya Kudhibiti Presha Katika Jamii ili Kuzuia Kiharusi

Mtu anaweza kuishi na shinikizo la juu la damu kwa miaka mingi bila kuumwa kichwa wala kuhisi kizunguzungu, huku mishipa yake ikizidi kukakamaa hadi siku mshipa mmoja wa ubongoni unapoziba au kupasuka. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuzuia kiharusi kisingoje dalili, bali kiwapime watu wazima wote, pamoja na wale wanaojiona wazima kabisa. Hata hivyo, kupima ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Upimaji wenye foleni ndefu hausaidii kitu ikiwa waliokutwa na presha hawatafuatiliwa.

Kipimo chenyewe huharibika kwa mambo madogo. Mtu anafika akihema, anakunja nne, anafungwa mkanda juu ya sweta, kisha anaendelea kusimulia safari yake huku mashine ikivuma; namba inasoma 152/94 (ya kwanza ni shinikizo moyo unaposukuma damu, ya pili ni moyo unapopumzika) naye anaondoka na hofu isiyo na msingi. Mpe dakika 5 za kutulia kimya, mgongo ukiwa umeegemea kiti, nyayo zote mbili zikikanyaga chini, na mkono mtupu ukilala mezani usawa wa moyo, na huenda namba ikashuka chini ya 140/90. Aende haja ndogo kwanza, na awe amekaa nusu saa bila kahawa, sigara wala mazoezi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, hivyo kikundi kiwe na mikanda ya saizi mbili au zaidi. Pimeni mara mbili, mkiacha dakika moja katikati.

Anayefikia 140/90 au zaidi katika siku mbili tofauti apelekwe kwa mganga athibitishwe na kuanzishiwa matibabu. Aliyefikia 180/120 asisubiri siku ya pili: aonwe siku hiyohiyo, na kama ana maumivu ya kifua, anakosa pumzi au amechanganyikiwa, hiyo ni dharura.

Baada ya hapo, chombo muhimu kuliko mashine ni daftari. Andikeni jina, namba zote mbili, dawa anazotumia na tarehe ya kuzifuata tena, kisha mtu mmoja akabidhiwe jukumu la kuwatembelea waliopitisha tarehe hiyo. Daftari lifungiwe, kwa kuwa presha ya mtu si habari ya kijiweni. Anayetembelea asianze kwa kugomba, bali aulize kwa upole kwa nini dawa zimeachwa. Wengi huacha kwa sababu namba imeshuka, nao hudhani wamepona, ilhali namba imeshuka kwa kuwa wanakunywa dawa. Wengine huchoshwa na madhara ya dawa hizo za presha: amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu. Hayo hurekebishwa kwa mganga kubadilisha dawa, si kwa mgonjwa kuacha au kuazima vidonge vya jirani. Mwanamke mjamzito au anayetarajia kupata mimba amweleze mganga mapema, maana enalaprili humdhuru mtoto aliye tumboni.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, tukihesabu na ile iliyofichika katika vyakula vya viwandani. Pombe ipunguzwe, tumbaku iachwe kabisa, na mwili ufanyishwe kazi.

Mwisho, kila kaya ifundishwe kutambua kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kutoka kwa shida, na yote hayo kutokea ghafla. Msimpe mgonjwa chakula, maji wala aspirini, kwa kuwa bila picha ya ubongo hakuna awezaye kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Mkimbizeni hospitali inayotibu kiharusi, nanyi muandike saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa kabla ya kupita saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na daktari atauliza hilo kwanza.