Kujitayarisha kwa Kujifungua na Siku Arobaini: Mwongozo kwa Familia za Mombasa

Mombasa haikosi mahali pa kuzalia. Mwanamke anayekaa kisiwani, Changamwe, Kisauni au Likoni anaweza kufika kituo chenye mkunga kabla uchungu haujakaza, ilimradi aondoke nyumbani mapema, na katika miaka yangu ya ukunga nimeona kwamba huko kuondoka ndiko kunakotushinda. Usiku mmoja nilimpokea mama wa miezi minane, uso umemvimba, presha 170 kwa 110, aliyekuwa akilalamika kichwa tangu alasiri. Mavyaa yake, mtu mzima mwenye heshima zake, aliniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, tulikuwa twamngojea mume atoke zamu bandarini, ndiye mwenye kauli." Kifafa cha mimba kilimshika yule mama kabla sijamaliza kuandika jina lake. Alipona, na mtoto akapona, lakini saa zile zote hazikuliwa na njia wala na foleni ya feri.

Hatua ya kwanza ni hesabu sahihi. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha songa mbele miezi 9: aliyeona hedhi tarehe 10 Machi atarajie kujifungua karibu na tarehe 17 Disemba, akijua kwamba mtoto wa wiki 37 hadi 42 hajavuka mipaka ya kawaida. Mabibi zetu wengi huhesabu kwa mwezi mwandamo, na hapo ndipo panapozuka wasiwasi usio na sababu, kwa kuwa miezi 9 ya mwandamo ni siku 266 hivi, ilhali mimba ikihesabiwa tangu hedhi huchukua siku 280. Binti huambiwa amepitisha na huanza kupewa vinywaji vya kuharakisha uchungu, na kumbe zimebaki wiki mbili. Dawa hizo za miti shamba zisitumiwe, kwani zipo zinazoufanya mfuko wa uzazi ubane kwa nguvu kupita kiasi hata mtoto akakosa hewa.

Kliniki ianzwe kabla ya wiki ya 12. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu mara 8, na kila mara apimwe presha, mkojo na ukuaji wa tumbo. Vidonge vya kuongeza damu humezwa kila siku hadi kujifungua. Vikichafua tumbo, vimezwe usiku baada ya chakula, wala visiachwe kabatini. Kwa kuwa Pwani ina malaria, mama hupewa pia chandarua chenye dawa, na vidonge vya SP vya kukinga malaria kuanzia wiki ya 13, kwa nafasi ya angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi. Anayetumia Septrin kila siku kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi SP, kwa hiyo amweleze mhudumu bila kuona haya. Kundi la damu liandikwe kwenye kijitabu, na mwenye kundi hasi (kama O-) aulize mapema kuhusu sindano ya anti-D, inayouzuia mwili wake usije ukaishambulia damu ya mtoto wa mimba ijayo, na ambayo hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ana kundi chanya.

Sasa nije kwenye mazungumzo ambayo familia nyingi huyakwepa. Ukifika mwezi wa saba, mume, mke na mzee mmoja wa nyumba wakae mchana, watu wakiwa wametulia, wakubaliane mambo manne. La kwanza, na lililo zito kuliko yote, ni ruhusa: mume atamke mbele ya mama yake kwamba dalili ya hatari ikitokea, yeyote aliyepo nyumbani amchukue mkewe aende naye bila kusubiri simu. La pili ni mahali. Mimba isiyo na tatizo yaweza kuzalishwa katika kituo cha karibu, lakini mwenye presha, pacha, kovu la upasuaji au aliyewahi kuvuja damu nyingi apangiwe hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, kama Hospitali ya Rufaa ya Pwani iliyoko kisiwani. La tatu ni chombo. Andikeni namba za madereva wawili wa tuktuk au teksi wanaolala mtaani kwenu, maana mmoja huenda amezima simu. Na mnaokaa Likoni au Mtongwe mpime safari yenu kwa saa za msongamano wa feri, asubuhi na jioni, na mjue pia njia ya Dongo Kundu inayotoka Likoni hadi Miritini bila kuvuka maji kwa feri. La nne ni gharama. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya afya ya zamani, NHIF. Mama ajisajili mapema, kwa simu kupitia *147# au kwa msaada wa wahudumu, kisha aulize katika kituo alichokichagua kama uzazi unalipiwa pale, maana swali hilo halifai kuulizwa mlangoni mama ameshika ukuta. Watafutwe pia ndugu wawili walio tayari kutoa damu.

Mkoba wenyewe hauna mengi: kijitabu cha kliniki, kitambulisho, leso nne safi zilizozoea maji, pedi kubwa, sabuni, nguo na kofia ya mtoto, na chaji ya simu.

Dalili za hatari zijulikane na kila mtu nyumbani, pamoja na msichana wa kazi. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi si ya kupuuzwa hata mama akijisikia mzima. Kichwa kikali kisichotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, na uvimbe wa uso na mikono ni mambo ya kuondoka saa hiyo hiyo, na hatari hii haimaliziki kwa kuzaa, kwa sababu kifafa chaweza kumshika mama hata siku kadhaa baadaye. Damu yoyote ukeni wakati wa ujauzito ni safari ya hospitali, kadhalika homa, degedege na mtoto kupunguza kucheza. Kwa hili la mwisho nasisitiza kwamba mtoto aliyepunguza kucheza leo achunguzwe leo.

Chupa ikivunjika, nenda hata kama huna uchungu, na maji yakiwa ya kijani au kahawia ongeza haraka, kwani ni alama kwamba mtoto amekwisha kujisaidia tumboni. Kwa mimba ya kwanza isiyo na tatizo, uchungu unaorudi kila dakika 5 na kudumu karibu dakika nzima ni wakati wa kuwa njiani. Aliyezaa kabla, au anayetegemea feri, asingoje ufike hapo. Mtoto akishatoka, mama hudungwa sindano ya oksitosini yuniti 10 ili mfuko wa uzazi ukaze na damu isimwagike, na hana kosa akiuliza kama amepewa. Asikubali kurudishwa nyumbani kabla ya saa 24 kupita ikiwa nafasi ipo.

Katika arobaini, ada zetu nyingi ni rehema. Uji wa pilipili manga, supu, na shangazi anayefua ili mzazi alale, sijui dawa inayozidi hayo. Kumkanda kwa maji ya moto kuna raha yake, lakini maji yawe ya kuvumilika mkononi mwa mkandaji, tumbo lisigandamizwe kwa nguvu, na aliyepasuliwa asikandwe tumbo wala kufungwa mkaja mpaka aliyemhudumia akubali. Chetezo cha ubani kiwekwe nje ya chumba cha mtoto, kwa kuwa moshi humchoma kifua na makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu. Mzazi akilowesha pedi nzima kwa muda usiofika saa moja, akitoka mabonge makubwa ya damu, akipata homa au uchafu wenye harufu mbaya, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, arobaini isimzuie kutoka. Vilevile anayelia kila siku na kumkimbia mwanawe baada ya wiki mbili anahitaji matibabu, si kusutwa kwamba hana shukrani.

Mtoto anyonye ndani ya saa moja ya kwanza, na ile dang'a ya manjano isikamuliwe ikamwagwa, kwani ndiyo kinga yake. Maziwa ya mama pekee yamtosha miezi 6, hata katika joto letu la Februari. Maji na dawa za mchango hazimfai. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka, kwa sababu yaweza kubeba vijidudu vya sumu ya botulini, na wanaoshika ada ya kumwonjesha tende wapake kiasi kidogo mno kwa kidole kilichooshwa kwa sabuni. Kitovu kipakwe dawa ya klorheksidini iliyotolewa hospitalini, au kiachwe kikavu. Majivu na dawa ya meno hapana. Wanja usimguse machoni, kwani aina nyingine zina madini ya risasi, yenye sumu.

Jifunze kumhesabia pumzi. Mtoto akiwa ametulia, asiyenyonya wala kulia, mfunue nguo utazame tumbo linavyopanda na kushuka, uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Kabla ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi, ukirudia ukapata vivyo hivyo, ni hatari. Kisha mpeleke dirishani, ubonyeze ngozi ya paji la uso kwa kidole na kuachia: ikibaki manjano ndani ya siku ya kwanza ya maisha, au siku yoyote viganja na nyayo zikiwa manjano, nenda. Nenda pia akikataa kunyonya, akilegea, akiwa na homa ya 37.5 au zaidi, au akipoa mwili chini ya 35.5, huyu wa mwisho umbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, njia nzima.

Mama na mtoto hutazamwa ndani ya saa 48, tena kati ya wiki ya kwanza na ya pili, kisha wiki ya 6, ambayo inaangukia siku ya 42, yaani mara tu baada ya arobaini kutoka. Siku hiyo mtoto huchanjwa, na mama aweza kuuliza njia za kupanga uzazi zisizopunguza maziwa. Ile chanjo ya kifua kikuu aliyopewa alipozaliwa, kwenye mkono wa kushoto, huenda kufikia hapo ikawa imefanya kijipu. Kisibinywe, kisipakwe kitu, kitakauka chenyewe na kuacha kovu.