Kukokotoa halijoto ya shimo jeusi kutokana na kivuli chake

Wiki jana binamu yangu anayesomea fizikia Maseno alikuja kwangu Kisumu na daftari limechakaa kwa kufutwafutwa. Walikuwa wametakiwa kukokotoa halijoto ya shimo jeusi kwa kutumia ukubwa wa kivuli chake, na jibu lake lilikuwa halilingani na la mwenzake. Tulikaa barazani tangu upepo ukivuma kutoka ziwani mpaka ukageuka.

Chukueni penseli na kikokotoo. Programu za kompyuta ziacheni kwanza, kwa sababu kipeo (ile namba ndogo iliyo juu ya 10) kikikosewa karatasini mtakiona kwa macho.

1. Kivuli, yaani duara jeusi linaloonekana katikati ya mwanga, cha Sagittarius A*, shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu, ambalo picha yake ilitolewa Mei 2022, kina kipenyo cha mikrosekunde za tao (kipimo cha pembe ndogo mno) 48.7 hivi. Umbali ni miaka ya nuru 27,000, yaani mita 2.55 × 10²⁰.

2. Geuza pembe iwe radiani, kipimo kingine cha pembe, uzidishe kwa umbali. Kipenyo ni mita 6.0 × 10¹⁰, nusu yake 3.0 × 10¹⁰.

3. Hapa ndipo saa tatu zilipotuishia. Kivuli si upeo wa matukio, ule mpaka ambao kikiuvuka kitu hakirudi! Nuru ipitayo karibu na shimo hupindwa na mvutano, na ikisogea kupita kiasi humezwa hata kama haikulenga upeo wenyewe. Ndiyo maana kivuli cha shimo lisilozunguka hutanda mara 2.6 ya upeo. Likizunguka, kiasi hicho hubadilika kidogo. Binamu alikuwa ameiweka nusu ya kipenyo cha kivuli mahali pa upeo, na mwenzake akaweka kipenyo kizima. Gawanya kwanza kwa 2.6: unapata mita 1.16 × 10¹⁰. Tena, usichanganye na gesi inayong'aa pembeni. Joto lake ni mabilioni ya nyuzi, nasi tunatafuta halijoto ya shimo lenyewe, ile aliyoionyesha mwanafizikia Stephen Hawking mwaka 1974.

4. Gawanya 0.000182, namba isiyobadilika inayotoka kwenye kanuni ya Hawking, kwa zile mita 1.16 × 10¹⁰. Jibu: kelvini 1.6 × 10⁻¹⁴.

5. Entropia, yaani kipimo cha mvurugiko, hufuata eneo la upeo. Kivuli kikiwa kipana mara mbili, entropia huwa mara nne, lakini halijoto hupungua nusu. Sufuria ukiichochea moto hupata joto. Shimo jeusi kadiri linavyolishwa ndivyo linavyopoa. Binamu aliposoma hivyo kwenye namba alizoandika kwa mkono wake, aliweka penseli chini akanyamaza kwa muda.

Sasa jaribu M87*, shimo jeusi la galaksi ya M87: mikrosekunde za tao 42, miaka ya nuru milioni 55. Ukifika karibu na kelvini 9 × 10⁻¹⁸, uko sawa.