SOMO: Kolopati na mawazo mengi, hatua kwa hatua (soma yote kabla ya kuuliza)

Kila juma swali ni lile lile: «Yaya (yaani dada), tumbo linanisumbua, egzame (vipimo) haionyeshi kitu, nikunywe nini?» Nimechoka kulijibu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Anayeniandikia faraghani nitamrudisha huku. Mimi si daktari. Ninauza vitambaa Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki ya Kongo, na kolopati ninaijua kwa sababu ninaishi nayo.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Kolopati (Kiingereza wanaiita IBS) ni utumbo usio na kidonda wala uvimbe, lakini unafanya kazi vibaya: unabana kupita kiasi au unalegea, na neva zake zinahisi mno, hata gesi ya kawaida inakuwa maumivu. Utumbo una mtandao wake wa neva, zaidi ya milioni mia moja, unaopashana habari na ubongo usiku na mchana. Ndiyo maana mawazo yanashuka tumboni, na tumbo likichafuka moyo nao unachafuka. Si uchawi, wala si kwamba unajifanya.

Hatua ya 1. Hakikisha ni kolopati kweli.
Madaktari wengi wanafuata vigezo vya Roma vya 2016, orodha ya dalili za kutambua ugonjwa huu. Tumbo liwe linauma angalau siku 1 kwa juma katika miezi 3 iliyopita, na shida yenyewe iwe imeanza miezi 6 au zaidi nyuma. Tena mawili kati ya haya yawepo: maumivu yanabadilika ukienda choo, unaenda mara nyingi au chache kuliko zamani, au choo kimebadilika umbo.

Ukiona damu chooni, unakonda bila kutaka, una homa, una upungufu wa damu, kuhara kunakuamsha usiku, au shida imeanza umri umepita 50, acha somo langu, nenda lopitali. Na kuhara maji yanayofanana na maji ya mchele ni jambo jingine kabisa. Sisi wa kando ya ziwa Kivu kipindupindu tunakijua: kimbia kituo cha matibabu saa ile ile.

Hatua ya 2. Acha kutibu amiba kila mwezi.
Hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya Bukavu «iko na amiba». Mtu anaumwa, anapeleka choo labo, anapewa karatasi imeandikwa «kyste» (amiba ikiwa ndani ya ganda lake), ananunua metronidazoli, antibiotiki ya amiba, juma mbili baadaye anaanza upya. Kuna amiba mbili zinazofanana kabisa chini ya darubini ya kawaida: Entamoeba histolytica, inayoumiza, na Entamoeba dispar, isiyoumiza mtu. Kwa hiyo karatasi inaweza kuwa na kyste na maumivu yako yasitoke huko kamwe. Kumbe kila mzunguko wa antibiotiki unavuruga vijidudu vizuri vya utumbo, na watu wengi tumbo linawachachamalia zaidi. Kama umetibiwa mara mbili au tatu na bado, usiulize dawa kali zaidi ya amiba. Uliza kama ni amiba.

Hatua ya 3. Nunua kaye (daftari). Andika saa, ulichokula, choo kilivyokuwa, na kilichokusumbua moyoni siku hiyo. Juma mbili. Bila kaye usiendelee mbele.

Hatua ya 4. Kula kwa saa, kidogo kidogo, tafuna. Punguza pilipili, kahawa, kasiksi (pombe ya ndizi) na pombe nyingine. Haya unayajua.

Hatua ya 5. Kuondoa vyakula na kuvirudisha.
Hapa ndipo watu wanajiharibu, na mimi nilikuwa wa kwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, nchini Australia, waligundua kwamba kuna sukari na wanga ambazo utumbo mdogo haumeng'enyi vizuri. Zinashuka hadi utumbo mpana, vijidudu vinazichachusha, gesi inajaa. Waliziita FODMAP. Kwetu zimejaa kwenye kitunguu, kitunguu saumu, mkate wa ngano, maharagwe, maziwa mabichi na maembe. Zisizosumbua wengi: wali, bugali wa muhogo au wa mahindi, viazi, sambaza (samaki wadogo wa ziwa), mayai, kuku, karoti.

Shida ni hii: mtu akiondoa vyote anapata nafuu, anaogopa kuvirudisha. Mimi nilibaki na wali na viazi hadi nguo zikanivuka, na tumbo likarudi kuuma vilevile. Kwa hiyo shikeni haya:

Kuondoa kusizidi juma 6. Baada ya hapo ni kurudisha, hata ukiogopa.

Rudisha kitu kimoja tu. Siku ya kwanza kidogo, ya pili zaidi kidogo, ya tatu kipimo chako cha kawaida, na chakula kingine chote kibaki vilevile. Kisha pumzika siku 2 au 3 kabla ya kuanza kingine. Ukirudisha maharagwe na kitunguu kwa sufuria moja hutajua nani alikosa.

Usikihukumu haraka chakula kilicho mezani sasa. Mchachuko unachukua saa nyingi, mara nyingine hadi kesho yake. Tumbo likikubana dakika chache tu baada ya kumeza, mara nyingi si chakula hicho: tumbo la juu likijaa linaamuru utumbo mpana usukume, na utumbo wa kolopati unasukuma kwa fujo. Watu wameacha ndizi zao bure wakati mkosaji alikuwa kitunguu cha jana.

Mwenye mimba, mtoto, mtu aliyekonda tayari: hatua hii usiifanye peke yako.

Hatua ya 6. Mawazo.
Sitakuambia «ondoa mawazo». Mtu ana nyumba kwenye mteremko na mvua inanyesha, ana minervali (ada ya shule) ya watoto, ameona benki zikifungwa 2025, halafu umwambie atulie? Mawazo hayataisha. Unachoweza ni kuupa utumbo saa chache kwa siku ambazo haupokei habari za hatari.

Kaa, weka mkono juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, mkono uinuke, kifua kisiinuke. Toa polepole ukihesabu hadi 6. Dakika 10, asubuhi na kabla ya kulala. Fanya hata siku tumbo liko sawa. Anayengoja maumivu ndipo aanze hapati kitu. Halafu tembea. Kando ya ziwa upande wa Labotte au Muhumba kunafaa. Kupanda Kadutu na mzigo kichwani si matembezi, hiyo ni kazi. Na lala saa ile ile.

Anayedhani haya ni maneno matupu ajue kwamba mwaka 1984 daktari Peter Whorwell wa Manchester alionyesha kuwa kutuliza akili kwa hipnosi kunapunguza maumivu ya kolopati nzito. Wagonjwa wake walikuwa wameshindikana kwa dawa.

Hatua ya 7. Dawa. Ya kulegeza utumbo kama mebeverini au Spasfon inasaidia wengine siku mbaya. Daktari akikuandikia dawa ya huzuni kwa kipimo kidogo, usikasirike: kwa kipimo hicho inatuliza neva za utumbo, hajasema una wazimu.

Maswali sasa.

---

Mama Neema: Yaya, miye niko na amiba ya miaka mingi, haitoki. Nikunywe nini?

Jibu: Hatua ya 2.

Mama Neema: Nimesoma. Lakini labo iliandika plus mbili.

Jibu: Plus zinaonyesha wingi wa walichokiona, hazionyeshi ni amiba ipi. Je, kuna damu chooni? Kuna homa? Kama hakuna, rudi kwa daktari na karatasi ZOTE za zamani, umwonyeshe umetibiwa mara ngapi. Usipitie tena farmasi ya kona.

Papa wa Essence: Kwa hiyo mawazo njo inaleta vidonda vya tumbo?

Jibu: Swali zuri, Papa, maana watu wanachanganya. Vidonda vya tumbo ni ugonjwa mwingine. Zamani hata madaktari walisema ni mawazo, mpaka Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walipomwona kijidudu Helicobacter pylori miaka ya 1980. Hawakuaminiwa, basi mwaka 1984 Marshall akakinywa mwenyewe, tumbo lake likavimba ndani. Walipewa Nobel 2005. Sababu kubwa ya pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, hizi tunazotafuna kama karanga kila mgongo ukiuma. Kama maumivu yako yako juu, chini ya kifua, yanachoma, omba kipimo cha kijidudu hicho. Dawa yake ipo na kinaisha. Kolopati haiishi, inatunzwa.

Kijana Bagira: Nimeondoa maharagwe, kitunguu, mkate, maziwa, nyama, samaki na matunda yote tangu mwaka jana. Mbona bado inauma?

Jibu: Nani alikuambia nyama na samaki? Juma 6, nimeandika. Mwaka! Anza kurudisha kesho, nyama na samaki kwanza. Na ujipime kilo. Kama umekonda sana, daktari kabla ya yote.

Dereva wa Moto: Yaya, shida yangu ni barabara. Nikibeba mtu kwa pikipiki niende mtaa wa Panzi, nikikumbuka hakuna choo njiani, tumbo linaanza palepale. Nikiwa nyumbani hakuna kitu. Niko mwongo?

Jibu: Hapana kabisa, ndugu yangu. Hofu ya kukosa choo yenyewe inausukuma utumbo, na utumbo ukisukuma hofu inaongezeka. Amka mapema kuliko sasa, kunywa kitu cha moto, kula kidogo, kisha kaa chooni bila haraka: asubuhi utumbo unasukuma wenyewe, utumie. Ukianza kazi, jua vyoo vitatu vya njia yako, kanisani, kwa rafiki, kwa mama mwenye restora, uombe ruhusa siku ambayo huna haja. Wengi wanaona wakishajua choo kipo, hawakihitaji. Na pumzi ya hatua ya 6 unaweza kuifanya ukingoja mteja, hakuna atakayekuona.

Dereva wa Moto: Aksanti. Ya kuomba ruhusa sikuifikiria.

Mama Mwenye Dukani: Mubirizi, yale majani machungu, je? Bibi yetu anatupatia. Na lavema ya pilipili, ile ya kuingiza maji kwa nyuma?

Jibu: Mubirizi, sitabishana na bibi. Ukikusaidia andika kwenye kaye, lakini uchungu peke yake si dawa. Lavema ya pilipili, HAPANA. Unauchoma ukuta wa utumbo ambao tayari unahisi kupita kiasi. Hata kwa watoto, hapana.

Mwanafunzi: Nilisikia mtu mwenye kolopati anaweza kukaanga kitunguu saumu kwa mafuta halafu akitoe. Kwa nini mafuta isiumize?

Jibu: Nakupenda wewe unayeuliza kwa nini. Ile sukari ya kitunguu inaitwa fruktani. Inayeyuka kwa maji, haiyeyuki kwa mafuta. Ukikaanga vipande vizima na kuvitoa, harufu inabaki, fruktani inatoka na kipande. Lakini uvitoe KABLA hujatia maji au tomati. Ukiviacha kwenye mchuzi ukavitoa mwishoni, umechelewa.

Mama Neema: Na sombe, majani ya muhogo? Sombe bila kitunguu si sombe.

Jibu: Tia majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani tu. Jaribu.

Mwanafunzi: Na mashanza, maziwa ya kuganda?

Jibu: Mashanza ina laktosi (sukari ya maziwa) pungufu kuliko maziwa mabichi, lakini bado ipo, anza na nusu kikombe. Fromaji (jibini) ya Masisi iliyokomaa ina kidogo sana, wengi wanaivumilia.

Papa wa Essence: Mke wangu analoweka maharagwe usiku kucha, anamwaga maji yale, anachemsha kidogo, anamwaga tena, ndipo anapika. Anasema gesi inapungua, na makala (mkaa) nayo inapungua.

Jibu: Mke wako ana haki mara mbili. Sehemu ya ile sukari ya gesi inatoka na maji, na maharagwe yaliyolowa yanaiva upesi. Asipike tu kwa maji yale ya kulowekea. Ukirudisha maharagwe anza na vijiko 2 juu ya wali, si sahani.

Kijana Bagira: Vijiko 2 vya supu ao vya chai?

Jibu: Vya supu. Na kwako wewe, nyama na samaki kwanza.